Jinsi Mama Nilesh alivyochagua akaunti yenye kadi enzi zile Kariakoo, na siku mwanawe alipoiona

Wakuu, heshima zenu. Na wadada mliomo humu mnasoma kimya kimya bila kukoment, nawaona pia.

Leo nimeamka nikiwa na sura ya mtu mmoja kichwani. Nimechemsha chai, nimefagia, bado yupo tu. Nikasema bora nimwandike humu kabla hajayeyuka.

Nilikuwepo mwenyewe, nimebadilisha majina tu. Atakayesema ni chai, eti nimetunga, na yeye namkaribisha, ataketi na sisi.

Kuna member juzi aliuliza afungue akaunti ya akiba benki gani, iwe na kadi, makato yasiwe ya kuumiza. Mkamjibu vizuri, mmoja riba, mwingine app, mwingine matawi. Mimi nilisoma yote na sikujibu kitu. Nilikuwa nishaenda mbali, niko Kariakoo ya zamani, jua la saa tano linapita kwenye maturubai ya bluu.

Haya, twende.

Ilikuwa ile miaka soko huria limeanza kukolea. Vitu ambavyo zamani ulikuwa unamwagiza mtu anayesafiri, ghafla vinaning'inia mlangoni unavigusa. Redio, mapazia, viatu vya kung'aa. Mtaa ulikuwa kama umeamka usingizini na haujajua bado umeamkia wapi.

Mabenki ya watu binafsi nayo yakaanza kuchipuka mjini. Vioo, vigae vinavyong'aa, AC. Kuna watu walikuwa wanaingia mle kupoa tu, wanajifanya wanasoma matangazo ukutani, wakipoa wanatoka.

Mimi ni binti nimemaliza form six, nasubiri chuo, nauza dukani kwa baba. Baba ni Mchaga wa Marangu, alikuwa na duka la jumla la sabuni na mafuta ya kula, kwenye kamtaa kanakotokea Msimbazi.

Ukuta kwa ukuta na sisi kulikuwa na duka la masufuria la familia moja ya Kihindi. Mwenye duka anaitwa Nilesh, mtu wa makamo, mpole, mchapakazi, muda wote ana kalamu sikioni. Baba yake alishafariki. Aliishi na mke, watoto, na mama yake mzazi ghorofani huko Kisutu.

Huyo mama ndiye Mama Nilesh.

Alizaliwa Tanga, akaja Dar kuolewa. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha kwetu sote pale mtaani. Ukimpa shikamoo anaitika "marahaba mwanangu" taratibu, kama anakuwekea kitu mkononi. Sari zake nyeupe za ujane, na kila siku ua moja la asumini kwenye nywele.

Alikuwa anatengeneza achari. Ya ndimu, ya embe, ya pilipili. Wakuu, ile achari! Baba alikuwa anamuuzia dukani kwetu, na chupa hazikuwa zinalala.

Ila hela yake alikuwa haichukui. Anamwambia baba, "Kaa nayo Baba Ndeshi. Ikifika nyumbani itazama dukani."

Tuelewane hapa. Nilesh hakuwa mtu mbaya. Ni utaratibu wa nyumba yao tu, hela yote inaingia droo moja, na mwenye ufunguo ni mmoja. Ukitaka kitu unaomba. Na anakupa, hanuni hata. Lakini unaomba.

Basi mchana mmoja nipo stoo nyuma napanga maboksi ya sabuni, Mama Nilesh akaingia. Akaketi juu ya boksi, akajifunika vizuri.

"Ndeshi, wewe si umesoma commerce?"

"Ndiyo mama."

"Nataka benki. Lakini ile yenye kadi. Nisindikize tukachague."

"Kaka Nilesh anajua?"

Akatazama mlangoni, akatabasamu. "Kwanza wewe. Yeye atajua siku yake."

Sikumuuliza zaidi. Alikuwa na uso wa mtu aliyekatizwa ndoto yake na anataka kurudi kuimalizia.

Baba nilimwambia. Aliguna, akasema tu, "Hela ni yake. Msindikize, na usimsemee. Aseme mwenyewe."

Tukaanza kwenda mjini asubuhi, siku ambazo baba ananiachia. Sitasahau zile safari. Tulikuwa tunatembea kwa mguu kutoka Msimbazi tunapita Mnazi Mmoja, yeye na mwavuli wake, hana haraka. Anasimama kuangalia madirisha ya maduka. Anasimama kunusa kahawa. Tulikuwa kama watu wanaotafuta nyumba ya kupanga, na hela ndiyo itakayohamia.

Benki ya kwanza ilikuwa ya zamani, ile ya kuandikiwa kwenye kitabu. Foleni imepinda kama utumbo. Kadi wakasema inakuja, bado. Tulipofika kwa mama mmoja wa kaunta, Mama Nilesh akamuuliza swali ambalo baadaye alilirudia kila tulikokwenda:

"Mwanangu, siku nikiitaka hela yangu, nitamwomba nani?"

Yule mama wa kaunta akamweleza. Unajaza karatasi, unampa huyu, huyu anampeleka yule akalinganishe sahihi, yule akikubali anarudisha, unasubiri jina. Kisha akamtazama vizuri.

"Kwani wewe si mama yake Nilesh wa masufuria? Ana akaunti hapa. Nitamwambia umepita."

Mama Nilesh akanishika mkono tukatoka. Nje akacheka mpaka mwavuli ukatikisika. "Hapa nitaomba watu watatu," akasema, "na wa nne ni Nilesh."

Benki ya pili ilikuwa ya wakubwa. Zulia. Kijana wa tai akatuletea maji kwenye glasi. Kadi ipo, ya dhahabu kabisa, lakini kianzio chake hata duka la baba lingehema. Akauliza lile swali lake.

Kijana akajibu kwa adabu zote, "Mama, kwa umri wako tungeshauri mwanao awe mdhamini na asaini pamoja nawe. Kwa usalama wako."

Akashukuru. Akamaliza maji yake. Tukatoka.

Ya tatu ilikuwa mpya, ndogo, upande wa kuelekea Gerezani, jirani na mafundi wa magari. Wale mnaopita na mabasi ya mwendokasi siku hizi mnaikata ile njia bila kujua. Nje kuna kelele za nyundo na harufu ya grisi, ukifungua mlango zote zinakatika. Kimya. Baridi. Kama umezama kwenye maji.

Mhudumu alikuwa dada mmoja mfupi, mjamzito, kavua viatu chini ya meza. Benki ilikuwa na akaunti za akiba aina mbili, akatuwekea vipeperushi viwili mbele yetu.

Moja riba yake nzuri sana, lakini haina kadi, na kutoa hela mpaka utoe taarifa kabla. Nyingine riba yake ni ya kujifariji tu, ina makato kidogo kila mwezi ya kadi, ila unatoa siku yoyote, hata Jumapili, kwenye mashine pale nje.

Mimi na commerce yangu moto. Nikamvuta pembeni. "Mama, chukua ya riba. Hela inazaa. Hii nyingine inakula yenyewe."

Akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatisha. Kisha akamgeukia yule dada.

"Hii ya kadi. Siku nikiitaka hela yangu, nitamwomba nani?"

Yule dada akafikiria kidogo, kama hajawahi kuulizwa.

"Hakuna wa kumwomba, mama. Ni wewe na namba yako."

Nakumbuka AC ilikuwa inavuma, na ua lake la asumini lilikuwa linanukia mle ndani utadhani tupo bustanini.

"Basi hii," akasema.

Na mimi nikafungua yangu palepale, kwa vihela vya mshahara wa dukani. Ile ya riba, bila shaka. Nilikuwa mjanja.

Kwa wadogo humu: kadi za wakati ule si hizi. Mashine zenyewe mjini zilikuwa chache, kila benki na yake, ya jirani haikujui. Mtandao ukilala na wewe unalala. Watu walikuwa wanapita kuitazama tu ile mashine ikitema noti, kama sinema.

Tukahangaika na picha za pasipoti na barua ya serikali ya mtaa, kadi ikachukua muda, mwishowe ikatoka.

Siku ya kutoa mara ya kwanza twende wote, alisema. Ilikuwa asubuhi mapema, mafundi hawajaanza kugonga. Kale kachumba ka mashine kalikuwa na taa ya bluu na vigae vyeupe pee.

Mama Nilesh akafika mlangoni, akavua champali zake, akaziweka pembeni vizuri kama anaingia hekaluni.

Mlinzi akashtuka. "Mama, ingia na viatu tu, haina shida!"

"Acha mwanangu," akasema, akaingia miguu mitupu.

Nilibaki nje. Kupitia kioo nilimwona anabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, midomo inatembea. Mashine ikanguruma, ikachambua, ikatoa noti. Alitoa moja tu. Akaishika kwa mikono miwili, akaitazama mbele, akaitazama nyuma.

Alipotoka akaikunja ile noti kwenye kitambaa. Tukatembea mpaka Kivukoni, mbali kidogo na kelele za mnada wa samaki, tukaketi ukutani. Akanunua mihogo ya kuchoma, yenye pilipili na ndimu. Pantoni lilikuwa linavuka kwenda Kigamboni limejaa watu, linaelea polepole mpaka unahisi ni ng'ambo ndiyo inayosogea.

Pale ndipo aliponiambia.

"Nilesh anauza duka. Wanahamia Uingereza, kwa shemeji zake. Mimi natakiwa kwenda nao."

Nikaweka muhogo chini. "Na wewe mama unataka?"

"Hakuna aliyeniuliza hivyo. Wananiuliza sweta nataka rangi gani."

Akacheka kidogo, halafu hakucheka tena.

"Ndeshi, mtu asiye na hela yake anahamishwa kama kabati. Kabati zuri, linafunikwa vizuri lisikwaruzike. Lakini ni kabati. Mimi nataka nikisema nabaki, niwe na cha kubakia nacho."

Upepo ulikuwa unapuliza sari yake. Nilimtazama yule bibi nikaona kama namwona kwa mara ya kwanza. Nilidhani tulikuwa tunatafuta benki.

Miezi ikapita. Achari ikaongezeka, mpaka hoteli mbili za mjini zikawa zinachukua. Kila Ijumaa alikuwa anapeleka hela benki mwenyewe. Nami nilishapata chuo, bado narudi dukani wikiendi.

Kisha ikafika ile Jumamosi.

Nipo kaunta na baba, Nilesh akaingia. Kalamu haipo sikioni. Mkononi ameshika kadi ya benki. Mkewe alikuwa anakunja nguo za mama mkwe, ikadondoka kutoka kwenye kitambaa.

"Mzee," akamwambia baba, sauti inatetemeka, "tumekaa jirani miaka yote hii. Nilisikia wameonekana pamoja benki, nikapuuza. Kumbe binti yako anamfundisha mama yangu kunificha?"

Baba akaweka chini alichoshika. "Nilesh, kaa kwanza."

"Sikai. Kwani nimemnyima nini? Waulize watu wote mtaa huu. Ba amewahi kulala njaa?" Ba ndivyo alivyomwita mama yake, kwa Kigujarati.

Wateja wakaanza kusogea. Mnaijua Kariakoo, ugomvi ukianza biashara inasimama.

Mara mwavuli ukaingia mlangoni. Mama Nilesh. Mkwe alishamwambia, naye akaja mbio, na yule hakuwa mtu wa kukimbia. Alikuwa anahema.

"Mwache mtoto wa watu," akasema. "Nilimwomba mimi."

Nilesh akaanza Kigujarati, kwa haraka. Mama yake akanyanyua mkono.

"Sema Kiswahili. Umeleta ugomvi nyumbani kwa watu, nao wasikie."

Nilesh akawatazama wateja waliosogea.

"Hujaninyima kitu," akamwambia. "Ni kweli, na Mungu anakuona. Lakini nimekuomba hela ya miwani, mwanangu. Nimekuomba hela ya sadaka ya hekalu. Nimekuomba hela ya zawadi ya siku yako ya kuzaliwa, ukanipa, nikakununulia shati kwa hela yako, ukanishukuru. Baba yako nilimwomba, na kabla yake nilimwomba baba yangu. Nimechoka kuomba watu wazuri."

Nilesh akaitazama kadi mkononi mwake.

"Na Uingereza siendi. Ningekwambia Jumapili, umewahi. Nimepata chumba palepale Kisutu kwa Mama Hansa, naye yuko peke yake. Kodi nimeshalipa."

"Ba," akasema Nilesh, sasa Kiswahili chake kimekuwa cha mtoto kabisa, "ukiumwa nitakuwa wapi mimi?"

Wakuu, hapo ndipo nilipogundua kwamba hakuwa na hasira. Alikuwa na woga.

Mama yake akamwendea, akaichukua ile kadi mkononi mwake, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Njoo," akasema. "Na wewe Ndeshi njoo."

Tukatoka watatu. Mtaa mzima unatutazama. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati ya Gerezani mpaka hewa inacheza, kila kitu kinaonekana kama kinapita ndani ya maji, watu, mikokoteni, mafungu ya machungwa.

Pale kwenye mashine Nilesh akataka kuingia naye. Mlinzi akamzuia. "Mmoja mmoja, bosi. Utaratibu."

Akabaki nje ya kioo. Akamwona mama yake anabonyeza, hatazami pembeni, haulizi mtu. Nilikuwa nimesimama karibu naye, nikamsikia anapumua kwa nguvu kupitia puani.

Mama Nilesh akatoka. Jirani pale kulikuwa na muuza juisi ya miwa, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono. Akaagiza glasi tatu, akalipa, akachukua chenji akaihesabu.

Akampa mwanawe glasi.

"Kunywa. Hii ndiyo ya kwanza nakununulia mimi."

Yule mtu mzima akaishika ile glasi barabarani, machozi yanamchuruzika, mafundi wanapita na spea zao mabegani wanamkwepa. Akanywa yote. Akamrudishia glasi mama yake. Akainama akamgusa miguu, kama wanavyofanya wao.

Basi yakaisha hivyo.

Waliondoka, Nilesh na mke na watoto. Uwanja wa ndege walilia wote hadi mjukuu mdogo akaanza kucheka. Mama Nilesh akahamia kwa Mama Hansa, palepale Kisutu, achari ikaendelea, wakaongeza na chevda, ule mchanganyiko mkavu wa Kihindi wa kutafuna. Nilikuwa napita kuwasalimu nikitoka chuo. Wanabishana siku nzima wale wazee, kuhusu chumvi, kuhusu redio, wana raha kama wasichana wa bweni.

Na mimi na riba yangu? Kuna siku chuo walitaka ada haraka, hela ninayo, lakini ilikuwa bado ndani ya muda wa taarifa. Nikaenda kumwomba baba. Alinipa huku anatabasamu. Mnajua nilimkumbuka nani njia nzima.

Sasa lesson, maana mtaniuliza.

Riba angalia. Makato angalia. Uliza kama kadi inatoa pote au kwao tu, uliza kianzio, uliza muda wa kusubiri. Lakini kabla ya yote kaa chini ujiulize ile hela unaiweka kwa ajili ya nini. Kama ni ya kujifungia usiiguse, fungia, riba ikutunze. Kama ni ya siku utakayohitaji kusema "hapana" au "nabaki" au "naondoka", hakikisha mlango wake unaufungua mwenyewe.

Na mkuu mwenye mama mzazi nyumbani, unayempa kila anachoomba, hongera sana. Jaribu mwezi huu kumpa kabla hajaomba, kwenye akaunti yake, halafu usimuulize amefanyia nini.

Kuhusu Mama Nilesh, alikuja kwenda Uingereza. Miaka kadhaa baadaye, kipindi cha joto kule, kuwasalimia wajukuu. Alinionyesha tiketi siku moja kabla ya safari, ameifunga kwenye kitambaa. Alikuwa ameinunua mwenyewe.

Ya kwenda na kurudi.

Naomba kuwasikia sasa. Nani humu anakumbuka kadi yake ya kwanza, na ulitoa hela ya nini? Wa matusi naomba mpite pembeni leo, wengine nawasoma wote.